Mchelea Mwana Kulia

Jino la kwanza la Popi nililiokota kwenye mkeka wa kahawa. Ilikuwa Juni ya mwaka jana, asubuhi, nimeinama uani nachambua majani na vijiti kwenye kahawa iliyoanikwa. Nilidhani ni punje ya mchele. Nilipolishika nikaona lina makali upande mmoja na tundu upande wa pili, jepesi kama kipande cha ganda la yai. Popi mwenyewe alikuwa hatua mbili kutoka pale, anatafuna ukingo wa mkeka uleule, na kwenye ukingo huo kulikuwa na matone mawili matatu ya damu.

Nikamwita Mama kwa sauti. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalitazama jino, akanitazama na mimi.

"Mbwa kang'oka jino, ndiyo unaniita hivyo? Nilidhani nyoka."

Kwetu mbwa ni wa nje. Analinda kahawa usiku, anafukuza tumbili wanaoingia kwenye mahindi, anakula makombo, na hakuna anayemfungua kinywa kumhesabia meno. Mimi nilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimerudi nyumbani Nkwenda kuandika tasnifu ya uzamili. Nasoma falsafa Dar es Salaam. Mada yangu ni ridhaa: ni lini mtu ana haki ya kumfanyia mwenzake jambo linalouma, bila kumwuliza, kwa sababu anamtakia mema. Nilikuja na sura mbili zilizokwama, nikitumaini kuwa utulivu wa migombani ungezikwamua. Nikamkuta mdogo wangu amepewa mtoto wa mbwa wa miezi mitatu na nusu, na hana muda naye.

Nieleze kwanza nyumbani ni wapi. Nilizaliwa Karagwe mwaka 1997 na kumaliza kidato cha nne Kyerwa, bila kuhama nyumba. Wilaya ndiyo iliyogawanywa, mwaka 2012, sisi tukabaki palepale kati ya migomba na mibuni. Ukiendelea na barabara kuelekea kaskazini unafika Murongo, na ng'ambo ya Mto Kagera ni Uganda. Nayataja haya kwa sababu jambo nitakalolisimulia huko mbele halijali mpaka, wala wa wilaya wala wa nchi.

Basi, meno ya mbwa. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, membamba na makali kama sindano. Mbwa mkubwa ana 42. Katika mwezi wa nne hivi meno ya mbele huanza kuachia, chonge hufuata katika mwezi wa tano au wa sita, na kufikia mwezi wa saba kazi huwa imekwisha. Kilichonishangaza ni namna yenyewe. Jino la utoto halisukumwi nje likiwa zima. Jino la kudumu linapopanda kutoka chini, mwili unaanza kuumumunya mzizi wa lile la juu, kidogo kidogo, mpaka linabaki kofia tu iliyoshikwa na ufizi. Ndiyo maana lile niliookota lilikuwa tupu ndani. Siku hiyo lilikuwa limeshaachia lenyewe, kazi ya mkeka ilikuwa kulidondosha tu.

Aristotle aliandika juu ya jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Anasema watu wa wakati wake walibishana: wengine walidai mbwa habadili meno kabisa, wengine walidai hubadili chonge peke yake. Yeye akaeleza kwamba hubadili kama binadamu, ila watu hawaoni kwa kuwa jino la zamani haling'oki kabla la badala yake halijaota ndani ya ufizi. Nilipenda kwamba mtu mwenye mambo mengi ya kufikiri alipata nafasi ya kuangalia kinywa cha mbwa. Nilimsomea Mama maelezo hayo nikiyatafsiri. Akasema huyo naye hakuwa na kahawa ya kuanika.

Wiki zilizofuata Popi alitafuna kila kitu. Alitafuna kandambili, mguu wa kigoda, kamba ya mbuzi, na kurasa nne za rasimu yangu ya sura ya pili. Alitafuna na mikono yetu. Mdogo wangu alitaka kumchapa kila anapouma, akisema samaki mkunje angali mbichi. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye sote tunamwita Mjomba, alishauri tumtie pilipili mdomoni, ili aache kutafuna na tena awe mkali akikua.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kuwa swali langu la chuoni lilikuwa limelala pale kwenye mkeka. Kiumbe anayeuma kwa sababu fizi zinamwasha, ana kosa? Nilifikiri hapana, na bado nafikiri hapana. Lakini kutokuwa na kosa hakumaanishi aachwe. Akizoea kuwa mkono wa mtu ni kitu cha kutafuna, miezi sita ijayo atakuwa na meno 42 na mazoea yaleyale, na atakayeumia ni mtoto wa jirani. Kumpiga ni kumwadhibu kwa maumivu aliyo nayo tayari. Kumwachia mkono ni kumlea vibaya. Kilichobaki kilikuwa kumtafutia kitu kingine cha kuuma.

Hatuna friji. Nilichukua kitambaa kizito, nikakiloweka kwenye maji ya mtungi, nikakikamua na kukifunga fundo. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilikata kipande kinene cha shina la mgomba, ambalo kwa saa hizo huwa la baridi na lina maji mengi. Popi alilivamia kama limemdai. Nilikaa naye, na kila lilipoanza kuchanika nyuzi nililiondoa asije akazimeza. Mkono wangu ukiingia kinywani nilitulia, nikautoa polepole na kuweka mgomba mahali pake. Kahawa niliizungushia matete, maana kahawa ni sumu kwa mbwa. Chakula kigumu alikikataa, nikawa namlowekea ugali kwenye maji ya dagaa. Chanjo ya kichaa cha mbwa alichomwa mwezi huohuo. Na siku alipomchubua mdogo wangu kidole, tulikiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha nikampeleka zahanati, ingawa alilalamika njia nzima kuwa ni mchubuko tu.

Usiku ulikuwa na shida zaidi. Popi alikuwa akilia mlangoni, si kwa nguvu, ila bila kukoma. Usiku mmoja wa Julai niliamka, nikachukua kidonge cha kutuliza maumivu kwenye mkoba wangu, nikakivunja nusu kwa meno. Mjomba alikuwa amesema wao huwapa mbwa wao na hawafi. Nilikuwa nimeshafungua mlango nilipokumbuka kumwuliza mtu anayejua. Nilimsubirisha Popi hadi kulipokucha, nikampigia afisa mifugo wa kata. Alinikemea. Dawa za maumivu za binadamu, alisema, zinaweza kumwua mbwa, na mtoto wa mbwa ndiyo kabisa. Kisha akauliza: anakunywa maji? Anacheza mchana? Basi ana meno tu. Vumilia.

Nilikaa kwenye kizingiti nikijiuliza ni maumivu ya nani niliyotaka kuyaondoa usiku ule. Mchana Popi alikuwa akikimbiza kuku. Ni mimi niliyetaka kulala. Ni mimi niliyeshindwa kusikia kilio bila kufanya jambo. Nusu ya kidonge mkononi mwangu ilikuwa na jina la huruma, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa ni kuchoka.

Mwisho wa Agosti chonge zilianza kubadilika. Chonge mpya ya juu ya mbwa huota mbele ya ile ya utoto, na kwa siku kadhaa zote mbili husimama pamoja. Za juu zilitoka bila shida. Ya chini kulia nayo ikatoka. Ya chini kushoto ikabaki, nyembamba, imesimama ubavuni mwa mpya kama mgeni asiyeaga.

Jioni moja Mjomba alikuja kuazima jembe, akamwona Popi ananiramba mikono. Akamfungua kinywa kwa vidole viwili. "Hili la pili litamharibu," akasema. "Nina koleo nyumbani. Ni dakika moja."

Nikamwambia, "Hapana, Mjomba, tusubiri kwanza."

"Atalia kidogo, atanyamaza. Wewe mwanangu umesoma, lakini hili hulijui. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Nilimwomba tena kwa adabu, nikambeba Popi mapajani. Mjomba akacheka, akachukua jembe, akaaga. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi. Hakuinua uso. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia chumvi imekwisha:

"Wewe nilikushika miguu."

Nilijua anachokisema. Habari yenyewe niliijua tangu utotoni, kwa vipande. Kilicho kipya kilikuwa miguu. Hakuna aliyewahi kuniambia nani alishika nini.

Nilikuwa na miezi sita. Ilikuwa mapema mwaka 1998, katika zile mvua za El Niño zilizozomoa barabara na madaraja Afrika Mashariki nzima. Nilikuwa na homa, naharisha, nalia usiku na mchana, nimekataa ziwa. Zahanati ilikuwa mbali na njia ilikuwa tope. Bibi mmoja wa kijiji cha pili, aliyekuwa akisifika kwa kazi hiyo, alinipapasa fizi, akakuta uvimbe mweupe pande mbili za taya la chini, akasema ni meno ya plastiki. Yasipotolewa mtoto anakufa. Alitumia spoku ya baiskeli iliyonolewa. Shangazi alishika kichwa. Mama alishika miguu.

Msomaji wa kutoka pwani pengine hajasikia habari hii, na wa kutoka kwetu ameisikia mno. Meno ya plastiki, au ya nailoni, ndilo jina lililoenea Tanzania, hasa tangu miaka ya 1980. Wanyankole, ng'ambo ya Kagera, huyaita ebiino. Desturi hii imeandikwa Uganda, Kenya, Rwanda, Ethiopia na Sudan, na hata kwa watoto wa familia za kutoka huku zilizohamia Ulaya. Mwaka 1992 madaktari wawili wa meno wa hapa nchini, Hiza na Kikwilu, walichapisha utafiti juu ya watoto wa kijiji kimoja cha mbali cha Tanzania waliokosa meno ya utoto kwa sababu yalichimbuliwa yakiwa bado ndani ya fizi. Kinachotolewa si mdudu wala plastiki. Ni chipukizi la chonge ya kawaida, ambayo kwa binadamu hutokeza mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Katika miezi ya mwanzo bado ni laini na nyeupe, ndipo ilipopata jina. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata maambukizi, hata kufa. Anayepona anaweza kukosa si chonge ya utoto tu, bali na ya kudumu, kwa kuwa mbegu yake imekaa jirani na ile iliyochimbuliwa.

Nilifika Dar es Salaam kusoma shahada ya kwanza ndipo nikapigwa picha ya eksirei ya meno kwa mara ya kwanza. Daktari aliiangalia kwa muda, akaniuliza, "Umetokea mkoa gani?" Chonge yangu ya chini kushoto haikuwahi kuota. Ya kulia iliota ndogo, imechongoka vibaya, ina madoa ya kahawia. Kila ninapocheka huwa naweka ulimi kwenye lile pengo bila kujijua. Daktari alinieleza kuhusu jino la bandia. Wahenga walishasema: jino la pembe si dawa ya pengo.

Sasa, ni rahisi kuandika kwamba wazee hawakujua na sisi tunajua. Sitaki kuandika hivyo, kwa sababu nusu ya kidonge ilikuwa mkononi mwangu mwezi mmoja tu kabla, na mimi nilikuwa na simu, elimu, na mnyama asiyeumwa chochote.

Jaribu kukaa alipokaa Mama. Mtoto wa miezi mitano au sita huanza kupewa uji, huanza kutambaa, huokota kila kitu na kukitia mdomoni, na kinga aliyotoka nayo kwa mama yake imepungua. Kwa hiyo ni umri wa kuharisha. Ni umri huohuo fizi zinapovimba. Ukimfungua mtoto mgonjwa kinywa utakuta uvimbe, kila mara. Ungeukuta pia kwa mtoto mzima, lakini mtoto mzima hakuna anayemfungua kinywa. Halafu wengi wa wanaoharisha hupona wenyewe baada ya siku chache, na aliyechimbuliwa akipona, sifa inakwenda kwa spoku. Anayekufa inasemekana alicheleweshwa. Ushahidi wa namna hiyo haushindwi kirahisi, na mama ambaye hajalala siku tatu hana sababu ya kuushinda.

Tena Mama hakuwa mkatili. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba alikuwa jasiri. Methali ya Mjomba inasifu hasa kile alichokifanya: hakuchelea mwanawe kulia. Alizishika nyonga za mtoto wake anayepiga kelele, hakumwachia, kwa kuwa aliamini kilio cha dakika tano kinanunua uhai wote. Wapo wazazi wanaohitaji ujasiri huohuo kila siku, siku ya chanjo, siku ya kufungwa mfupa uliovunjika. Methali haikosei. Ila haisemi ni kilio kipi. Inamwonya anayeogopa kilio cha mtoto, na haina neno kwa yule ambaye woga wake wa kilio ndio unaomsukuma kufanya jambo, lolote, haraka. Huyu naye anachelea mwana kulia. Anatafuta tu mtu mwenye chuma cha kukinyamazisha.

Kwetu kuna kitu kinaitwa butura. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule au msiba haviwezi kungoja kahawa iive. Serikali imepiga marufuku, vyama vya ushirika vimepiga kelele, bado ipo. Hakuna anayekwenda kwenye butura kwa kuwa haipendi kahawa yake. Anakwenda kwa sababu leo inamkaba kuliko kesho. Nimekuja kuona uchimbaji wa meno kama butura ya mwili. Unachukua kitu kabla hakijawa kitu, kwa bei ambayo atailipa mtu mwingine. Aliyelala usiku ule baada ya spoku ni Mama. Anayeishi na pengo ni mimi.

Nilipofikia hapo katika mawazo yangu nilikaribia kuridhika. Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari: kuumia kwa kukua kusisaidiwe, kusubiriwe. Sentensi nzuri. Nikaikata kesho yake, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni mimi mwenyewe wa mwaka 1998. Fizi zangu zilikuwa za kusubiriwa, lakini kuhara hakukuwa kwa kusubiriwa. Mtoto wa miezi sita anayeharisha na kukataa ziwa anaweza kukaukiwa maji na kufa kwa siku moja au mbili. Alihitaji kunywa, kijiko baada ya kijiko, maji yaliyochemshwa na kupoa, lita moja kwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, kama pakiti ya dawa haipatikani, na baada ya hapo kubebwa hadi kwa mganga wa zahanati, tope au si tope. Kosa la siku ile halikuwa kwamba watu walitenda badala ya kungoja. Walitenda pasipohitajika na wakangoja palipohitajika. Anayesema "subiri" bila kuangalia hana tofauti kubwa na anayesema "ng'oa" bila kuangalia.

Ya pili ni chonge ya Popi. Nilisubiri kama nilivyoambiwa, wiki mbili, kisha tatu. Nilikuwa nikiitikisa kwa kidole kila asubuhi, na haikutikisika. Mwanzoni mwa Oktoba, Popi akiwa na miezi saba na nusu, chonge mpya ilikuwa imeanza kuinamia ndani na kugusa kaakaa. Afisa mifugo alikuja kuangalia, akasema hapa mwili umesahau kumumunya mzizi, hili halitatoka lenyewe. Akampigia daktari wa mifugo wa wilaya. Lisitolewe kwa koleo, akatuonya, kwa kuwa mzizi wa chonge ni mrefu na ukivunjikia ndani utaoza.

Kwa hiyo Mjomba alikuwa sahihi kwamba litamharibu. Alikosea siku na akakosea chombo. Nilimwambia hivyo tulipoonana njiani, baada ya shikamoo, naye akasema, "Nilikwambia." Tulicheka wote wawili. Sikuwa na hoja zaidi.

Ninachokiamini sasa ni kidogo kuliko kile nilichotaka kuandika kwenye tasnifu, lakini nakiamini zaidi. Anayemtunza asiyeweza kusema, mtoto mchanga, mnyama, mgonjwa aliyezimia, hawezi kuomba ridhaa. Kinachosimama mahali pa ridhaa ni kuangalia. Kuangalia maana yake ni kumfungua kinywa leo na kesho na keshokutwa, kujua nini kimebadilika, kumwuliza aliyeona vinywa vingi kuliko wewe, na kutenganisha kilio chake na usingizi wako. Pasipo na hakika, jambo linaloweza kurudishwa lifanywe kwanza: kitambaa cha baridi kabla ya kidonge, kidonge kabla ya chuma. Na mtu awe tayari kwamba siku moja kuangalia huko kutamwambia asishinde tena akisubiri.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki siku ya Jumamosi. Alitandika turubai chini ya mparachichi, akaandaa sindano ya usingizi, akauliza nani atamshika. Mdogo wangu alikuwa ameenda kupeleka kahawa chama cha msingi. Nilipiga goti upande wa kichwa. Mama, ambaye katika miezi minne hakuwa amemgusa mbwa yule hata kwa fimbo, aliweka kisu cha ndizi chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaja akashika miguu.

Sindano ilipoingia Popi alilia mara moja. Mama akafumba macho lakini hakuachia. Baada ya dakika chache kichwa kikawa kizito mikononi mwangu. Akachomwa na ganzi kwenye ufizi. Daktari alifanya kazi polepole kwa kifaa chembamba, akilegeza jino pande zote, bila kulivuta, mpaka likaja lenyewe. Hakukuwa na kilio kingine.

Alinipa lile jino kwenye kipande cha pamba. Nikaenda ndani nikachukua lile la Juni, nililokuwa nimelihifadhi kwenye kiberiti, nikayaweka pamoja kiganjani. La Juni lilikuwa kofia tupu. Hili la Oktoba lilikuwa na mzizi uliopinda, mrefu kuliko sehemu tuliyokuwa tukiiona mdomoni. Mama aliyaangalia kwa muda mrefu, akayageuza kwa ncha ya kidole.

"Kumbe ndani lilikuwa refu hivi," akasema.

Kisha akasema, "Hebu fungua mdomo nione."

Nina miaka 27. Nilifungua. Alininyanyua kidevu kuelekea kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye pengo la kushoto, kidole chenye utomvu wa ndizi na moshi wa kuni. Nilijua ni mara ya kwanza anaangalia, na kwamba miaka yote hii alikuwa akiogopa kuangalia.

"Linakuuma?"

"Haliumi, Mama. Halijawahi kuuma."

Akaitikia kwa kichwa. Tulikaa pale chini ya mparachichi, Popi katikati yetu, tukimwangalia anavyopumua, mpaka akaamka.